Biolojia ya kinywa: Njia ya utafiti isiyodai shamba liuzwe

KATIKA vijiji vya Kisii na Nyamira, ni Jumamosi chache zinazopita bila hema kusimamishwa uani mwa mtu. Chini ya hema huketi wazee, kina mama wa vyama vya kuchangiana, walimu wastaafu na jamaa waliosafiri usiku kutoka Nairobi, wote wakiwa wamekuja kuchangia safari ya kijana aliyepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Barua ya chuo husomwa kwa sauti, makofi hupigwa, bahasha zikakusanywa. Mchango usipotosha, familia hungoja bonasi ya majani chai ya Oktoba. Hiyo nayo isipotosha, kipande cha shamba hupata mnunuzi, katika eneo ambalo mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi yakawa vishamba.

Swali lisilosikika sana chini ya hema ni hili: masomo anayoyaendea kijana ni ya aina gani, na kwa kawaida hulipiwa na nani? Kwa shahada ya kwanza jibu ni chungu lakini la kweli, kwamba mara nyingi mgeni hujilipia. Kwa shahada ya uzamivu katika utafiti wa sayansi mambo hugeuka. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani vyenye maabara, na katika nchi kadhaa za Ulaya Kaskazini, anayekubaliwa kuwa mwanafunzi wa uzamivu huondolewa karo na kulipwa posho au mshahara, kwa sababu kazi atakayoifanya ndiyo kazi ya maabara yenyewe. Familia inayouza shamba ili kumpeleka mwana kwenye uzamivu wa namna hiyo huenda inanunua kitu ambacho hakiuzwi.

Taaluma moja inayolidhihirisha jambo hili ni biolojia ya kinywa. Wahitimu wa Gusii hawaifikirii sana, pengine kwa kuwa neno "meno" humkumbusha mtu kiti cha daktari na koleo la kung'olea. Lakini si taaluma ya madaktari wa meno peke yao, na baadhi ya maswali yake makubwa yaliulizwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, mengine karibu mno na Kisii.

Sayansi iliyo mdomoni

Daktari wa meno huuliza jino hili litibiwe vipi. Mtafiti wa biolojia ya kinywa huuliza kwa nini jino hili lilioza na la jirani yake likabaki zima. Huchunguza jinsi jino linavyoumbika, mate yanavyofanya kazi, bakteria wanavyojenga utando juu ya meno na ulimi, mfupa wa taya unavyojengwa na kubomolewa, na saratani za kinywa zinavyoanza.

Mate ni mfano mwepesi. Mtu mzima hutoa takriban nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na ndani yake mna kalisi na fosfeti zinazorejesha madini kwenye meno baada ya mlo. Mtu akila sukari, bakteria waliomo kwenye ukoga huigeuza kuwa asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, tabaka gumu la nje la jino huanza kuyeyuka. Mate hupambana kukipandisha tena, na ushindi hutegemea mara ngapi sukari huingia mdomoni, si wingi wake tu. Mtoto anayetafuna muwa au kunywa soda kidogo kidogo kutwa nzima huyanyima mate nafasi ya kufanya kazi yao.

Tabaka hilo gumu lina tabia nyingine ya ajabu. Chembe hai zinazolijenga hutoweka jino likichomoza, kwa hiyo mwili hauwezi kulijenga upya. Gego la kwanza la kudumu, linalochomoza mtoto akiwa na miaka sita hivi, huanza kupata madini wakati wa kuzaliwa, na ugonjwa mkali au njaa ya miaka ya mwanzo huweza kuacha alama katika matabaka yake, mfano wa pete za shina la mti. Jino, kwa hiyo, ni daftari la utoto. Ndiyo sababu wanaochimba visukuku huyathamini sana meno. Mwaka wa 2023 watafiti walitangaza kwamba huko Nyayanga, Kaunti ya Homa Bay, walipata magego mawili ya kiumbe wa jamii ya Paranthropus pamoja na zana za mawe na mifupa ya viboko iliyokatwakatwa, mambo ya kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3 iliyopita. Kutoka mji wa Kisii hadi huko si safari ya siku nzima.

Mstari unaokatiza barabarani

Kisa kinachostahili kujulikana zaidi na mhitimu wa Gusii kilianzia Kampala. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe katika pande zote nne za taya, juu na chini, kushoto na kulia. Baada ya muda akamwona mwingine wa namna hiyo mjini Jinja. Akaanza kupekua kumbukumbu za hospitali, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya saratani hiyo ya taya za watoto wa Afrika ambayo leo hujulikana kwa jina lake.

Hakuishia hapo. Mwaka wa 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Edward Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250 wakasafiri takriban maili 10,000 hadi kusini mwa bara, wakitembelea hospitali moja baada ya nyingine na kuuliza swali lilelile: je, mmeuona uvimbe huu? Majibu waliyachora kwenye ramani. Walibaini kwamba ugonjwa huo hufuata joto na mvua. Karibu na ikweta haukuonekana sana katika sehemu zilizo juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Mwaka wa 1964, huko London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong waliona kwa darubini ya elektroni virusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Ilikuwa mara ya kwanza virusi kuhusishwa na saratani ya binadamu. Baadaye malaria ikatambuliwa kuwa mshirika wa virusi hivyo, na hapo ramani ya Burkitt ikaeleweka: ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ramani ya mbu.

Sasa msomaji na aitazame barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Homa Bay. Huanzia kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na kuteremka hadi mita 1,100 na ushei kando ya ziwa. Mstari wa Burkitt, kwa maneno mengine, unakatiza humo njiani. Lakini katika miaka ya 1990 milipuko ya malaria ilipanda hadi nyanda za juu za Kisii, na hali ya hewa haijatulia tangu hapo. Je, mstari ungali palepale? Watoto wanaokua kwenye miteremko iliyo kati ya tarafa za juu na ziwa hukutana na virusi hivyo wakiwa na umri gani? Mwombaji kutoka Boston anaweza kuyasoma maswali haya vitabuni. Mwombaji aliyezaliwa Suneka au Etago ameitembea miteremko yenyewe, na tofauti hiyo ina uzito mbele ya kamati ya uteuzi, mradi ajue kuieleza.

Kisa cha pili ni cha Machakos. Miaka ya 1980, mtafiti Mkenya Firoze Manji pamoja na Vibeke Baelum na Ole Fejerskov wa Denmark waliwachunguza watu wazima 1,131 wa mashambani, wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Vitabu vya wakati huo vilishikilia kwamba mtu asiyesafisha meno kwa mswaki wa kisasa lazima fizi zake ziharibike na meno yang'oke. Watafiti walikuta ukoga na magamba magumu karibu kwa kila mtu, lakini uharibifu mkubwa uliozama chini ya ufizi ulikuwa kwenye meno machache ya watu wachache. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwishoni mwa muongo huo, yalisaidia kubadilisha fikra za ulimwengu kuhusu ugonjwa wa fizi.

Swali hilo lingali hai. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 98.1 ya watu wazima walikuwa na fizi zinazotoka damu. Ikiwa karibu wote hutoka damu, ni nini kinachomlinda yule ambaye meno yake hubaki imara hadi uzeeni? Ni mate yake, bakteria wake, chakula chake, au urithi wake? Hakuna anayehitaji kwenda mbali ili kukutana na swali hilo. Limeketi katika kila boma lenye mzee wa miaka 80 anayetafuna mahindi ya kuchoma.

Gusii si ngeni kwa watafiti, ingawa mara nyingi imekuwa upande wa kuchunguzwa. Wapasuaji wa jadi wa fuvu katika jamii ya Abagusii walielezwa katika majarida ya tiba ya nje katika karne ya 20. Mwanaanthropolojia Robert LeVine wa Marekani alichunguza malezi ya watoto katika eneo hilo tangu miaka ya 1950, akaandika vitabu. Kilichokuwa haba ni mwenyeji kushika kalamu.

Shahada tatu zinazochanganywa

Hapa ndipo waombaji wengi hupotea. Shahada ya uzamili ya tiba ya meno, kama zile zinazotolewa na Chuo Kikuu cha Nairobi katika upasuaji wa kinywa na taya au meno ya watoto, humfanya daktari wa meno kuwa daktari bingwa. Ni lazima mtu awe tayari na shahada ya kwanza ya tiba ya meno na usajili wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Shahada ya uzamili ya utafiti, ambayo huchukua miaka miwili hivi, humfundisha mtu mbinu za maabara na uandishi wa tasnifu. Uzamivu humfanya mtafiti kamili. Marekani huchukua miaka mitano au zaidi, Ulaya mitatu au minne.

Uzamivu wa biolojia ya kinywa haumpi mtu ruhusa ya kutibu jino hata moja. Mwanabiolojia akiupata hatakuwa daktari wa meno. Daktari wa meno wa Kenya akiupata Marekani hataruhusiwa kutibu wagonjwa huko kwa sababu yake. Anayetaka kliniki na aombe kliniki. Wapo waliogundua tofauti hii wakiwa katika mwaka wa pili wa masomo, na huo ni umri mbaya wa kugundua jambo kama hilo.

Upande wa pili wa sarafu ni habari njema. Kwa kuwa si shahada ya kutibu, mlango wake uko wazi kwa wasio madaktari wa meno. Mhitimu wa biolojia au kemia wa Chuo Kikuu cha Kisii, au mwenye shahada ya sayansi ya maabara za tiba anayefanya kazi katika hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira, anaweza kuomba. Maabara za taaluma hii zinahitaji watu wanaojua kuotesha bakteria, kusoma vinasaba na kuchambua takwimu.

Shahada yenye jina hilo hasa hupatikana zaidi Amerika Kaskazini. Vyuo vikuu vya Buffalo, Ohio State na UCLA vimekuwa nayo, na vilevile Chuo Kikuu cha Minnesota, jambo litakalowafurahisha wasomaji wa Gusii, kwani viunga vya Minneapolis kama Brooklyn Park vina jamaa zao wengi kiasi kwamba mgeni kutoka Keroka hakosi mwenyeji wa kumpokea. Ulaya na huku kwetu, kazi hiyohiyo hufanywa chini ya majina mengine: mikrobiolojia, patholojia, anatomia, afya ya jamii. Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Nairobi mwaka wa 1974, Muhimbili mwaka wa 1979 na Makerere mwaka wa 1982, na Chuo Kikuu cha Moi kikafuata baadaye. Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, kimewahi kuwafunza uzamivu madaktari wa meno kutoka Tanzania na Uganda, wengi wao wakirudi kukusanya data nyumbani. Anayetafuta jina la shahada pekee atayapita haya yote bila kuyaona.

Barua ya kwanza

Ombi la utafiti halifanani na ombi la shahada ya kwanza, ambapo alama za KCSE huamua karibu kila kitu. Kamati hutaka kujua mambo mawili: mtu huyu anauliza nini, na nani hapa anaweza kumwongoza? Mwombaji mwenye alama nzuri ambaye swali lake halina msimamizi hukataliwa, na mwenye alama za wastani ambaye kazi yake inalingana na maabara fulani huitwa kwenye mahojiano.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kusoma, wala si kwa kujaza fomu. Mwombaji hutafuta makala za kisayansi za miaka ya karibuni kuhusu jambo linalomvutia, hutazama majina yanayojirudia, kisha hutembelea kurasa za maabara zao. Baada ya hapo huandika barua pepe fupi. Maprofesa hupokea barua nyingi zinazofanana kutoka kila pembe ya dunia: mwandishi ni mchapakazi, anatoka familia maskini, ana hamu kubwa ya elimu, anaomba kufadhiliwa. Yote huenda ni kweli, na hakuna hata moja linalomweleza profesa mtu huyu atafanya nini Jumatatu asubuhi.

Barua inayojibiwa huwa na sentensi nane hivi. Hutaja makala moja ya profesa huyo na jambo mahususi lililomo. Hueleza kazi moja aliyoifanya mwombaji kwa mikono yake, hata kama ni ndogo, kwa mfano mradi wa mwaka wa nne wa kupima bakteria katika maji ya chemchemi za Nyamira, na mbinu aliyoitumia. Hutaja swali moja. Mwisho huuliza kama profesa anatarajia kupokea mwanafunzi mwaka unaofuata. Haiombi pesa. Katika baadhi ya vyuo vya Marekani, mwanafunzi huzunguka maabara kadhaa katika mwaka wa kwanza kabla ya kuchagua msimamizi, na huko barua hii si sharti, ingawa haidhuru. Katika Norway, Uswidi, Denmark na Uholanzi, nafasi nyingi za uzamivu hutangazwa kama kazi yenye mshahara, na mwombaji huiomba kama anavyoomba ajira.

Asiye na uzoefu wowote wa utafiti afanye nini? Autafute kwanza, hata kwa mwaka mmoja. Kisumu haiko mbali, na Taasisi ya Utafiti wa Matibabu, KEMRI, ina kituo kikubwa huko. Kuna wahadhiri wanaohitaji msaidizi wa kukusanya takwimu. Mwaka huo mmoja huwa na thamani kuliko ombi la haraka lililorushwa kwa vyuo kumi.

Barua tatu za mapendekezo huhitajika kwa kawaida. Mhadhiri aliyefundisha darasa la watu 300 hamkumbuki kila mtu, kwa hiyo ni adabu, na pia ni busara, kumpelekea muhtasari wa kazi uliyofanya chini yake na tarehe ya mwisho, wiki sita kabla. Aombwe kutumia anwani ya barua pepe ya chuo chake. Anwani ya kawaida ya intaneti huzua shaka. Mhadhiri akimwambia mwanafunzi ajiandikie barua ili yeye aitie sahihi tu, mwanafunzi atafute mhadhiri mwingine. Kamati huzitambua barua hizo, na kosa humwangukia mwombaji.

Kuna pia vikwazo vidogo vinavyokula miezi. Alama zinazokosekana kwenye rekodi za chuo ni ugonjwa unaofahamika kwa kila aliyesoma katika vyuo vyetu. Huponywa kwa kufuatilia mapema, ofisi kwa ofisi. Shahada za tiba ya meno nchini kwa kawaida hazigawanywi madaraja kama shahada nyingine, jambo linalofaa kuelezwa kwa sentensi moja ili msomaji wa ng'ambo asidhani daraja limefichwa. Na majina ya Kigusii yana mtego wake: Mong'are wa cheti cha kuzaliwa huwa Mongare kwenye pasipoti, na Ong'era akawa Ongera kwenye matokeo ya mtihani. Kwa jicho la mwenyeji ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ya chuo cha mbali ni watu wawili. Ni heri tahajia ilinganishwe kwenye stakabadhi zote kabla ya fomu ya kwanza kujazwa.

Wakala na shamba

Wakala hana uwezo wa kutoa nafasi ya uzamivu. Nafasi hutolewa na idara, na barua halisi hutaja idara, mwaka wa kuanza, na, kwa programu za utafiti, msimamizi au utaratibu wa kumpata, pamoja na kiasi cha posho. Barua isiyokuwa na lolote kuhusu ufadhili si lazima iwe bandia, lakini ni barua ya kuulizia kabla ya hema kusimamishwa. Fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi wa Marekani hutolewa na chuo chenyewe kilichoidhinishwa na serikali ya nchi hiyo, na ada ya kumsajili mwanafunzi hulipwa moja kwa moja kwa serikali hiyo. Anayetaka alipwe yeye "ili kuhifadhi nafasi" anauza hewa.

Kenya imeonja uchungu wa jambo hili. Mwaka wa 2023 wazazi na wanafunzi waliandamana mjini Eldoret wakidai mamilioni ya pesa walizolipa kupitia mpango wa masomo ya Finland na Canada uliosimamiwa na Kaunti ya Uasin Gishu. Wengi wao walikuwa wakulima, kama wa Borabu na Bomachoge, na baadhi walikuwa wameuza ardhi na mifugo. Kwamba mpango ulikuwa na mhuri wa serikali ya kaunti haukuwasaidia.

Ni haki pia kueleza kwamba milango si mipana kama ilivyokuwa. Mwaka wa 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa wiki kadhaa upangaji wa miadi mipya ya viza za wanafunzi, kisha ikaurejesha kwa sharti la kukagua akaunti za waombaji katika mitandao ya kijamii. Mwaka huohuo, fedha za utafiti wa afya zilipopunguzwa, vyuo kadhaa vilipokea wanafunzi wachache wa uzamivu kuliko kawaida. Hii ni sababu ya kutuma maombi katika zaidi ya nchi moja na kutopuuza Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, wa Fulbright na wa shirika la Ujerumani la DAAD umewasaidia Waafrika Mashariki wengi, na kila mmoja una kalenda yake.

Kibali cha kuuliza nyumbani

Mwanafunzi akiwa Minnesota na akataka kukusanya mate ya watoto wa shule za Nyamira, hawezi kuja na vichupa mkobani. Atahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo chake na ya kamati iliyotambuliwa nchini. Maseno na hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ni miongoni mwa zilizo karibu. Kisha leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya sayansi ya mwaka wa 2013, halafu kujitambulisha kwa maafisa wa kaunti, na kibali tofauti ikiwa sampuli zitavuka mpaka. Takwimu za afya za mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Yote haya yanaweza kuchukua miezi mingi, na pendekezo la utafiti linaloyataja huonekana limeandikwa na mtu anayejua anachokifanya.

Sehemu ngumu zaidi haimo katika fomu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mate, nywele na kucha si vitu vya kumpa mgeni ovyo. Mama atauliza mate ya mwanawe yanapelekwa wapi na kwa nini, na ataitaka sababu hiyo kwa Ekegusii, si kwa Kiingereza cha maabara. Mtafiti anayeweza kuketi akaeleza, akakubali pia kukataliwa, huwa amelitatua tatizo ambalo miradi ya pesa nyingi imewahi kukwama nalo. Ustadi huo uandikwe kwenye ombi. Waombaji wa Gusii hauwajii akilini kwa kuwa wanao tangu utotoni.

Programu nyingi za Marekani zinazoanza Agosti au Septemba hufunga maombi kati ya mwanzo wa Desemba na katikati ya Januari. Kusoma makala na kuwaandikia maprofesa, basi, ni kazi ya Juni hadi Septemba, na rekodi za chuo zifuatiliwe kuanzia Julai. Bonasi ya Oktoba ina kazi yake hapa, ila ni kazi ndogo: ada ya ombi ambayo mara nyingi huwa kati ya dola 50 na 100 kwa chuo, na ambayo vyuo vingine huisamehe vikiombwa, mtihani wa Kiingereza pale unapodaiwa, na, baada ya kukubaliwa, dola 350 za usajili wa mwanafunzi na dola 185 za ombi la viza, viwango vilivyokuwa vikitozwa mwaka wa 2025. Nauli ya ndege inaweza kuwa kazi ya hema.

Majibu huanza kufika Februari na Machi. Vyuo vikuu vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya Aprili 15. Wakala anayepiga simu akisema pesa zitumwe kabla ya Ijumaa la sivyo nafasi itapotea na aulizwe kuhusu tarehe hiyo.